Kisiwa cha Miezi Miwili

Niliuziwa kichuguu.
Ndivyo wasemavyo hapa Bahi, nami sibishani nao:
robo tatu ya eka, imeinuka kimo cha mtoto wa darasa la pili,
kwa laki nne na baiskeli ya marehemu,
ambayo hata hivyo haikuwa na breki.

Miaka ishirini na saba nilihudumu behewa la kulala, daraja la pili.
Ujiji nilizaliwa, lakini ukiniuliza nimekulia wapi
nitakwambia kati ya Saranda na Itigi,
nimesimama, birika mkononi,
miguu ikiijua kona kabla ya kichwa.
Mama, hapa ni wapi?
Swali hilo nimelijibu kuliko nilivyojibu salamu.
Kintinku, lala. Makutupora, bado.
Manyoni, amsha mtoto, shusha mzigo.
Nchi niliijua kwa pua:
kuku wa kukaanga, Saranda;
asali, Aghondi;
na tope lililolala na maji mwezi mzima
ni hapa.

Mwaka ule maji yalipokula tuta la reli
tulikwama siku nne.
Maziwa ya watoto yaliisha siku ya pili.
Ya tatu akaja Yeledi, maji kiunoni,
sufuria ya wali kichwani,
akatusalimia dirisha kwa dirisha, Mbukwenyi, Mbukwenyi,
kama mtu apitaye gulioni.
Nyuma yake nikakiona kichuguu,
na mbuzi saba juu yake, wakavu kabisa,
wakitutazama sisi tuliolipa nauli.

Sikukisahau.

Mafao yalipotoka
(yalichukua miaka mitatu, hiyo ni habari nyingine)
wenzangu wakasema rudi Ujiji ukae na ziwa.
Shangwe, yule wa behewa la chakula, akanishauri kisiwani,
minazi, upepo, mtu unazeeka umelala chali.
Nikamwambia kisiwa ninacho, ila hakijafika bado.
Alidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Kiangazi kweli hakuna kisiwa.
Kuna udongo uliopasuka, unaotema chumvi,
watoto wa Yeledi wanaikwangua kwa vipande vya bati,
na mimi juu, kama kitu kilichosahauliwa stesheni.
Usiku kitanda kilinikatalia. Kilitulia mno.
Nikatia kipande cha tofali chini ya mguu mmoja
ili nikigeuka kiyumbe,
nikapata usingizi.

Halafu Januari, Mto Bubu.
Aliyeupa jina hilo hajawahi kulala karibu nao.
Unakuja unabwabwaja, umebeba magogo na ndara za watu,
unazunguka nyumba pande zote,
na asubuhi natoka na mswaki mdomoni
naona anga limelala chini, korongo wanatembea juu yake.
Miezi miwili. Yeledi huniletea mlenda kwa karai lielealo,
analisukuma kama mtoto anayefundishwa kwenda.

Juzi usiku treni ilisimama.
Siyo stesheni; hapa, mkabala na mlango wangu,
ikisubiri watu wa reli wapime maji.
Nilikuwa nje na taa kabla sijajua nimeamka.
Mabehewa yale yale, rangi nyingine.
Binti mmoja wa sare akachomoza kichwa,
birika mkononi, macho mekundu kwa usingizi,
akauliza ng'ambo ya maji:
Mama, hapa ni wapi?

Mdomo ulikwishafunguka kusema Bahi, lala, bado.
Nikasema, "Hapa ni kwangu."

Akaguna tu. Halikuwa jibu la kumsaidia mtu kazini.
Nikaongeza jina la stesheni,
na kwamba Kintinku watafika alfajiri wakijaliwa.
Wakaondoka polepole, chuma kikilia kwenye maji,
na magoti yangu, bila kuulizwa,
yakajiandaa kwa kona.

Tofali bado lipo chini ya kitanda.
Nikazima taa, kisha nikaiwasha tena:
kuku mmoja hakuwemo bandani.